Sauti Kubwa na Bado Tamu: Kuseti Amplifaya ya Gitaa kwa Kumbi za Kigoma

Toni uliyoitengeneza chumbani haifiki ukumbini. Chumbani, volyumu ikiwa moja au mbili, besi haitoshi na trebo imefifia, basi mkono unakwenda wenyewe: besi juu, trebo juu, midi (sauti za katikati) chini, distosheni (mkwaruzo wa makusudi) nyingi. Gitaa linasikika nene na pana. Lipeleke ukumbi wa Mwanga au kanisani Ujiji, pandisha volyumu mpaka sita, na gitaa hilohilo linavuma chini, linachoma masikio juu, na katikati, ambako wimbo ndiko uliko, hamna kitu. Mpiga solo anaongeza volyumu ili ajisikie, mpiga kinanda naye anaongeza, na kabla ya wimbo wa tatu kwisha waimbaji wanapiga kelele badala ya kuimba.

Chanzo ni sikio. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la mtu linapunguza besi na trebo za mwisho kuliko sauti za katikati. Sauti ikiongezeka, tofauti hiyo inapungua. Kwa hiyo besi uliyoijaza chumbani kufidia udhaifu wa sikio inajitokeza yote siku ya shughuli. Kazi kubwa ya kupata toni nzuri kwa sauti kubwa ni kuondoa, si kuongeza. Lakini kabla ya kugusa nobu yoyote, kuna mambo mawili ya kumaliza: umeme na spika.

Umeme kwanza

Amplifaya nyingi zinazolaumiwa hazina kosa. Zinakula umeme mdogo. Soketi inatakiwa kutoa volti 230. Pima kwa malta (kipimo cha umeme, multimeter) wakati vyombo vyote vimewashwa, si asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Volti zikishuka hadi 195, yaani asilimia 15, nguvu ya amplifaya ya kawaida yenye transfoma nzito inapungua kwa zaidi ya robo. Amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) inaumia zaidi: nyuzi za kupashia valvu zinazotaka volti 6.3 zinapata kama 5.4, besi inalegea na sauti inakosa kishindo hata ukifungua masta (nobu ya volyumu kuu) yote. Ya transista inaanza kukwaruza mapema kuliko ulivyozoea.

Dawa yake: stabilaiza ya VA 1000 (VA ni kipimo cha mzigo wa umeme inaoweza kubeba) inatosha amplifaya moja ya gitaa, mradi usiichangie na amplifaya kubwa za ukumbi, na mradi usiilishe kupitia waya mwembamba. Ekstensheni ya mita 30 yenye nyaya za milimita za mraba 1, ikibeba ampia 10, inapoteza takriban volti 11 njiani. Yenye nyaya za 2.5 inapoteza kama volti nne na nusu tu. Nunua waya wa 2.5 ufungiwe plagi na soketi mwenyewe. Ekstensheni nyingi za dukani zina waya mwembamba ndani ya ganda nene. Ikiwa ni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ifungue yote, maana iliyobaki imeviringwa inapata moto. Na usichomeke kwenye soketi moja na friji ya vinywaji: kila mota yake inapoanza, volti zinadondoka na gitaa linadondoka nazo.

Kwa jenereta ya petroli, usiipakie zaidi ya nusu ya uwezo ulioandikwa ubavuni. Besi na dramu zinavuta umeme kwa mishtuko, na jenereta ndogo inahema kila mshtuko; utaisikia kwenye noti ndefu za solo zikiyumba.

Amplifaya za mtumba kutoka Japani zimeandikwa volti 100 nyuma. Ukizichomeka 230 moja kwa moja, fyuzi ikikuokoa una bahati. Tafuta transfoma ya kushusha inayolingana na namba iliyoandikwa, yenye VA angalau mara moja na nusu ya wati zinazoliwa na amplifaya (zinazoliwa, si zinazotolewa, zote mbili huandikwa). Habari njema ni kwamba Japani yenyewe ina sehemu za 50 Hz (mizunguko kwa sekunde) na sehemu za 60 Hz, kwa hiyo vyombo vyao vingi vinamudu 50 Hz yetu. Amplifaya ya Marekani iliyoandikwa 60 Hz peke yake inaweza kuchemsha transfoma yake hapa hata ukiipa volti sahihi.

Jambo la uhai: usikate pini ya athi (waya wa ardhi) ili kuondoa mvumo. Kabla ya kuimba huku umeshika gitaa, weka malta kwenye AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa na nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma zaidi ya volti chache, usipige. Mara nyingi gitaa na miksa vinakula soketi tofauti, moja ina athi na nyingine haina. Lisha jukwaa lote kutoka soketi moja yenye athi ya kweli, kisha pima tena.

Spika ina kauli kuliko wati

Watu hununua wati. Kuongeza wati maradufu, kutoka 50 kwenda 100, kunakupa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti inayosikika lakini si ya kushangaza. Ili sauti isikike kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika, kwa upande wake, zinatofautiana kwa desibeli hizohizo bila kukuongezea bili ya umeme. Celestion Vintage 30 inatoa desibeli 100 kwa wati moja ukipima mita moja mbele yake. Greenback ya kampuni hiyohiyo inatoa 98. Spika za bei nafuu zilizofungwa kwenye kombo za mazoezi huwa chini zaidi. Amplifaya ya wati 15 yenye spika ya desibeli 100 inakwenda sawa na ya wati 30 yenye spika ya 97. Kabla ya kuuza amplifaya yako kwa sababu "haina nguvu", angalia spika.

Ukibadilisha spika, zingatia namba mbili. Ya kwanza ni omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa 4. Mbili za 16 zinakuwa 8. Amplifaya ya transista usiipe omu chini ya kiwango kilichoandikwa nyuma. Ya valvu ipe omu zilezile za jeki yake, na kamwe usiiwashe bila spika, maana transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua. Ya pili ni uwezo wa kubeba wati: amplifaya ya valvu ya wati 50 ikisukumwa mpaka mwisho inaweza kumwaga karibu maradufu ya hapo, kwa hiyo spika ya wati 50 peke yake haina usalama. Ipe ya 80 hadi 100.

Waya unaotoka amplifaya kwenda boksi la spika uwe waya wa spika, nyuzi mbili nene zisizo na shildi (wavu wa kukinga mvumo). Waya wa gitaa una jeki zilezile na unaingia vizuri, ndiyo maana watu wanautumia, lakini kiini chake ni chembamba. Unapata moto, unakula nguvu, na ukikatika katikati ya shughuli amplifaya ya valvu inabaki bila mzigo.

Amplifaya iliyofika kwa treni ya kutoka Dar es Salaam au kwa lori imetikiswa safari nzima. Kaza skrubu za spika kwa mkono, kwa mzunguko wa msalaba, usizikaze hadi fremu ipinde. Kama ni ya valvu, hakikisha zote zimekaa kwenye soketi zake. Usifungue zaidi ya hapo: kapasita za ndani zinahifadhi mamia ya volti hata waya ukiwa umechomolewa.

Mahali pa kuiweka

Spika ya inchi 12 inatupa trebo mbele kwa mstari mwembamba na kumwaga besi kila upande. Ikiwa sakafuni nyuma ya miguu yako, visigino vyako vinapata trebo yote na wewe unapata mvumo. Unaongeza trebo, watu wa mstari wa mbele ndio wanaochomwa. Iweke juu ya kreti ya soda, au iegemeze nyuma kwa kipande cha ubao ili ielekee kichwani kwako. Hapo utasikia kile ambacho wengine wanasikia, na aghalabu utashusha trebo mwenyewe bila kuambiwa.

Iondoe kwenye kona. Sakafu ya saruji, ukuta na kona kila kimoja kinaongeza besi. Boksi la amplifaya likiwa wazi nyuma, acha kati ya nusu mita na mita moja kutoka ukutani, kwa sababu sauti inayotoka nyuma ikirudi inaharibu ya mbele.

Ukumbi wa bati lisilo na dari una tabia zake. Sauti inarudi kutoka juu kwa kuchelewa, kwa hiyo zima rivabu (mwangwi) ya amplifaya kabisa, jengo limekwishakupa. Mvua ikianza kupiga bati wakati wa masika, ule mshindo unafunika trebo yote na kila mpigaji anasogeza mkono kwenye volyumu. Usishindane na mvua. Bendi ipunguze, ipige wimbo wa taratibu au ipumzike, maana ukipandisha hutashusha tena ikikata.

Nje, mfano kwenye uwanja wa shule au ufukweni, hali inageuka. Hakuna kuta za kuongeza besi, na kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza desibeli 6. Hapo ongeza besi kidogo kuliko ndani, na usitegemee amplifaya kufika mbali, weka maiki.

Kuseti, hatua kwa hatua

Fanya hivi bendi nzima ikiwepo, kwa sauti mtakayotumia kweli. Tumia waya wa gitaa wa mita 6 usimame mita 3 au 4 mbele ya amplifaya. Waya mrefu zaidi ya hapo unapunguza trebo ya gitaa lisilo na betri, labda uwe na pedali yenye bafa (saketi inayotia nguvu mawimbi ya gitaa) mwanzoni.

Gitaa: volyumu 8, toni 10. Zile mbili za juu ni akiba ya solo. Amplifaya: besi, midi na trebo zote katikati, rivabu sifuri, presensi (nobu ya trebo za juu kabisa) chini. Geini (nobu inayoleta distosheni) iwe mahali ambapo kodi kamili, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, bado ni safi. Sasa mwambie mpiga dramu apige snea kwa nguvu ya kawaida, upandishe masta mpaka gitaa likae sawa naye, si juu yake.

Anza na besi. Ishushe mpaka sifuri, kisha ipandishe polepole huku unapiga uzi wa sita. Simama pale noti inapopata mwili, kabla sakafu haijaanza kuvuma. Kwa sauti kubwa mara nyingi inaishia mbili hadi nne, na ukiwa peke yako itakushtua kwa wembamba. Vumilia. Uzi wa sita mtupu wa gitaa ni 82 Hz, ule mzito kabisa wa gitaa la besi ni 41 Hz, na dramu kubwa inagonga hapohapo kati ya 60 na 100 Hz. Chini ya 100 Hz mpiga gitaa hana shamba. Kila anachopanda pale anamwibia mpiga besi.

Midi ipandishe, saba au nane. Kati ya 500 Hz na 2 kHz ndiko gitaa linatambulika kuwa gitaa. Sauti iliyokatwa midi inapendeza ukiwa peke yako na kupotea mara wenzako wakiingia.

Trebo iwe ya mwisho. Piga uzi wa kwanza, freti ya 12 kwenda juu, na ushushe mpaka usichome. Sikio linahisi zaidi kati ya 2 na 5 kHz, na hapo ndipo watu huanza kujiziba masikio. Presensi iguse baada ya hapo, kidogo tu. Katika amplifaya za valvu inafanya kazi kwenye hatua ya mwisho ya nguvu, hivyo hutasikia maana yake masta ikiwa chini.

Kisha rudi kwenye besi tena. Kwenye amplifaya za mtindo wa Fender na Marshall nobu hizi tatu zimefungwa pamoja ndani ya saketi. Ukisogeza moja, nyingine zinahama. Katika mpangilio wa Fender, besi na trebo zikiwa katikati tayari midi imekatwa, na inayokaribia kunyooka ni midi juu kabisa huku besi na trebo zikiwa chini. Kwa hiyo usiogope kuona nobu ya midi kwenye kumi. Macho hayasikii.

Geini ndiyo inayowaangusha wengi. Distosheni uliyoizoea chumbani ipunguze kwa theluthi moja hadi nusu. Sauti kubwa yenyewe inaongeza unene, nyuzi zinaanza kuitikia spika, na geini nyingi juu ya hapo inabana kila pigo kuwa sawa: huwezi tena kusisitiza kwa kidole. Pia inaita miruzi.

Ukimaliza, bandika mkanda wa karatasi chini ya nobu na uchore alama. Baada ya saa moja ya sauti kubwa masikio yanachoka na kupoteza trebo, na utashawishika kuiongeza. Fuata alama. Viwango vya usalama kazini vya NIOSH ya Marekani vinaruhusu saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa 100 ni dakika 15 tu. Vizibo vya masikio vya povu vinauzwa bei ndogo.

Rumba inataka akiba ya nguvu

Sebene na rumba ambazo ziwa linatuletea kutoka ng'ambo, pamoja na dansi letu, zinataka sauti safi inayong'aa kwa volyumu kubwa. Hiyo ni kazi ngumu kuliko roki. Mpiga roki anafurahi amplifaya inapokwaruza; mpiga solo wa sebene, akipiga noti mbilimbili kwa kasi, mkwaruzo unamla noti nusu. Amplifaya ya valvu ya wati 15 yenye valvu mbili za EL84 inapendeza kwa bluzi na inazidiwa sana kwa sebene pamoja na dramu. Ndiyo sababu Roland JC-120 ya transista, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na spika mbili za inchi 12 na wati 60 kwa kila upande, bado inatafutwa na wapigaji wa sauti safi. Kama una ya transista ya aina yoyote, usisukume masta mpaka hatua ya nguvu ikwaruze, kwa sababu mkwaruzo wake ni mkali na haupendezi. Nobu ikipita saba sikiliza kwa makini. Ukitaka distosheni, itoe kwenye pedali.

Pedali ya ovadraivu kama Boss SD-1 au Ibanez Tube Screamer iwekwe draivu chini, leveli juu. Zote mbili zinasukuma midi na kupunguza besi, na hicho ndicho solo inachohitaji ili kutokeza. Pedali hizi zinakula volti 9, hasi katikati ya plagi; adapta yenye chanya katikati haifai.

Chombo kimoja ambacho kingestahili kununuliwa kabla ya pedali yoyote ya korasi ni ikwalaiza, mfano Boss GE-7 yenye vitelezi saba vya masafa na kimoja cha leveli. Anzia hapa: 100 Hz shusha 6, 200 Hz shusha 3, 400 Hz shusha 2, 800 Hz pandisha 3, 1.6 kHz pandisha 2, 3.2 kHz acha, 6.4 kHz shusha 4. Iweke baada ya pedali za distosheni. Mkiwa na magitaa mawili, msitumie vipimo sawa: ridhim ibaki na 800 Hz, solo ipandishe 1.6 hadi 3.2 kHz na ikate 400. Na mpiga kinanda aombwe kwa heshima kuondoa mkono wa kushoto pale mpiga besi yupo. Hakuna ikwalaiza inayoshinda mkono wa kushoto wa kinanda cha kwaya.

Ukichomeka moja kwa moja kwenye miksa

Makanisa mengi hayana amplifaya ya gitaa. Kuna miksa na spika za ukumbi. Gitaa likiingia kwenye jeki ya kawaida ya miksa linasikika limezibwa, kwa sababu pikapu (sumaku na koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) inataka kuona kama omu milioni moja na jeki ile inatoa elfu kumi hadi hamsini. Tumia boksi la DI (kisanduku kinacholinganisha gitaa na miksa), au kitufe cha Hi-Z (cha kupokea gitaa) kama miksa inacho, au pedali ya bafa. Sauti ya distosheni usiipeleke hivyo bila kifaa kinachoiga boksi la spika: spika ya gitaa inakata karibu kila kitu juu ya 5 kHz, ya ukumbi haikati, na utapata mlio wa nyuki. Pedali za madoido mchanganyiko zina mpangilio huo ndani. Uwashe unapokwenda kwenye miksa, uzime unapokwenda kwenye amplifaya.

Ukiwa na amplifaya na ukumbi ni mkubwa, usijaribu kuujaza mwenyewe. Maiki kama Shure SM57 iwekwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, ikielekea ukingo wa kifuniko cha katikati. Ikisogea katikati kabisa trebo inazidi. Ikisogea pembeni inakuwa laini. Badilisha toni kwa kusogeza maiki kabla fundi mitambo hajagusa ikwalaiza yake.

Miruzi, mikwaruzo na mivumo

Mruzi mkali unaoanza hata ukifunika nyuzi kwa mkono ni pikapu: koili yake inatikisika, na inahitaji kuzamishwa kwenye nta na fundi. Mruzi unaokoma ukifunika nyuzi ni geini nyingi au umesimama ukiielekea spika. Geuka robo, sogea mbali, punguza.

Sauti nzito inayokwaruza hata geini ikiwa sifuri: pikapu iko juu mno. Bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 2.5 upande wa uzi wa kwanza na 2.5 hadi 3 upande wa sita.

Mvumo wa chini unaobadilika ukigeuza gitaa ni pikapu ya koili moja ikinasa transfoma au taa, simama kwingine. Usiobadilika ukigeuza ni athi au waya mbovu.

Nobu inayokwaruza ukiizungusha, jambo la kawaida karibu na ziwa kwa unyevu na vumbi, inataka spirei ya kusafishia kontakti za umeme, isiyo ya kulainisha bawaba. Chomoa waya, nyunyiza kidogo, zungusha mara ishirini, subiri ikauke kabla ya kuwasha.